Je, Maneno Yako Yanafika?



Mtu akisikia neno "chama" hufikiri mara moja juu ya mshahara, likizo na barua ya kufukuzwa. Ni sawa, maana hiyo ndiyo kazi yetu. Lakini mashauri mengi yanayoletwa katika tawi, ukiyafuata mpaka mwanzo wake, unakuta kwamba yalianza kwa jambo dogo sana. Mtu mmoja alisema hivi, mwenzake akasikia vile, na hakuna aliyeuliza mara ya pili. Halafu ikaja barua. Halafu ikaja hasira. Mpaka shauri linafika mezani kwetu, kila upande una hakika kwamba upande wa pili ni mwongo.

Kwa sababu hiyo nataka leo tujipime katika kusema na kusikiliza. Dereva hupima mafuta na upepo wa magurudumu kabla ya safari. Fundi mbao hupima ubao mara mbili kabla ya kutia msumeno. Lakini katika kusema hakuna anayejipima, kwa kuwa kila mtu ana mdomo na anafikiri hiyo yatosha. Shule nayo haikutusaidia. Sisi tulioishia darasa la saba tulifundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu, na tulichapwa tukionekana tunazungumza.

Kipimo chenyewe si kigumu. Ukipakia magunia ya maharage hapa Arua kwenda Koboko, huandiki kwamba yamefika kwa sababu umeyapakia. Unangoja yule wa Koboko ayahesabu na akuambie ni mangapi. Maneno nayo ni mzigo. Usihesabu yaliyotoka mdomoni mwako, hesabu yaliyopokelewa.

Wengi hujaribu kuhesabu kwa kuuliza, "Umeelewa?" Swali hili halifai kitu. Kwetu kijana akiulizwa hivyo na mkubwa wake atajibu ndiyo hata kama hakushika neno moja, maana kusema "sikuelewa" ni kama kumwambia mkubwa kwamba hajui kusema. Mfanyakazi mpya humjibu nyapara ndiyo kwa sababu anaogopa kuonekana mjinga siku ya kwanza. Mama wa usafi humjibu daktari ndiyo kwa sababu anaona daktari ana haraka. Afadhali useme hivi: "Ndugu yangu, nimesema mengi, hebu nirudishie nione kama nimeyapanga vizuri." Hapo lawama umejitwika wewe uliyesema, naye hapati aibu. Akikurudishia pungufu, unajua palipovuja. Marubani wa ndege hufanya hivyo kila siku: akipewa agizo na mnara wa uwanja, rubani hulirudia kwa sauti, na mnara unasikiliza kama amelirudia sawasawa. Watu hao wamesoma kutushinda, na hawaoni aibu kurudia.

Sasa nitawaeleza shauri moja, maana lina makosa mengi ndani yake kwa mara moja. Kampuni sitaitaja jina, wala dereva mwenyewe. Dereva huyo alikuwa akipeleka unga na sabuni Sudan Kusini kwa njia ya Oraba. Alipofika Kaya, upande wa pili wa mpaka, aliona turubai limechanika na katoni kumi na moja za sabuni hazipo. Akapiga simu kwa nyapara wa stoo huku Arua akamweleza yote. Nyapara alikuwa katikati ya kupakia gari jingine, akasema "sawa, sawa," akakata simu. Hakuandika popote, na jioni alikuwa amekwisha kusahau.

Baada ya wiki mbili dereva aliitwa ofisini. Meneja ametoka mbali na hajui lugha yoyote ya huku, kwa hiyo kikao kiliendeshwa kwa Kiingereza, karani akiandika. Dereva wetu ana Kiingereza cha barabarani, cha kutaja mizigo na namba za gari. Hakutaka kuonekana hajui, akasema waendelee tu. Meneja akamwuliza kwa Kiingereza swali ambalo kwa lugha yetu ni hili: "Hukuarifu ofisi?" Dereva akajibu kwa nguvu, "No!"

Karani akaandika kwamba amekiri.

Ndugu msomaji, tazama vizuri jambo hili, kwa sababu laweza kukupata hata wewe unayejiona unajua Kiingereza. Katika Kiswahili ukiulizwa "Hukuarifu?" nawe uliarifu, unajibu, "Hapana, niliarifu." Unayakataa maneno ya mwulizaji. Na kama kweli hukuarifu, unajibu, "Ndiyo, sikuarifu," yaani unakubaliana naye. Kiingereza kinakwenda kinyume chake. "No" ya Mwingereza kwa swali kama hilo maana yake ni "ni kweli, sikuarifu." Kwa hiyo mtu anakataa kwa nguvu zake zote, na kadiri anavyokataa ndivyo kitabu kinavyojaa kukiri kwake. Meneja hakudanganya. Karani hakudanganya. Dereva naye hakudanganya. Lakini kazi ilikuwa inakwenda.

Dawa yake ni kwamba mtu asijibu ndiyo wala hapana peke yake anapoulizwa swali lenye kukanusha, kwa lugha yoyote. Ajibu kwa sentensi nzima yenye jina, siku na njia: "Niliarifu. Nilimpigia nyapara wa stoo simu siku ya Jumanne, nikiwa Kaya." Sentensi kama hiyo hata karani mvivu hawezi kuigeuza.

Basi dereva alipoona mambo yanaharibika, akaacha Kiingereza akasema kwa Kiswahili kwamba alipiga simu saa tatu asubuhi. Karani akafasiri. Nyapara akaitwa, akatoa simu yake, na humo simu ya dereva ilionekana imeingia saa nne na dakika chache. Sasa akawa mwongo mara ya pili. Alitolewa nje, akaambiwa akae nyumbani angoje barua.

Hapa pia hakuna aliyedanganya. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Kabla ya siku hiyo saa ya Juba na saa ya Kampala zilikuwa sawa, na sasa wao wako nyuma yetu. Congo ya upande wa Aru na Ariwara imekuwa nyuma ya Uganda kwa saa moja tangu zamani. Kwa hiyo mtu wa Koboko akivuka mpaka kwa mguu, aende Kongo au aende Sudan Kusini, anaingia katika saa iliyopita. Pale Salia Musala, nchi tatu zinapokutana, waweza kunywa chai upande mmoja saa nne na kumaliza kikombe upande wa pili saa tatu na dakika kumi. Simu za siku hizi zikishika mnara wa ng'ambo hujibadilisha zenyewe bila kumwambia mwenyewe. Dereva alitazama simu yake akiwa Kaya akaona saa tatu. Nyapara alitazama yake Arua akaona saa nne. Ilikuwa ni dakika ile ile moja.

Na hilo ni juu ya tabu nyingine ya saa ambayo twaijua sote. Mswahili huanza kuhesabu saa jua linapotoka, Mwingereza huanza usiku wa manane. Saa mbili asubuhi ya kwetu kwa Kiingereza inaitwa nane. Mtu anayefikiri kwa Kiingereza na kusema kwa Kiswahili anaweza kumwambia kijana wa boda-boda "njoo saa mbili" akiwa na maana ya saa nane mchana. Kijana anafika asubuhi, anangoja nje ya lango, anakosa abiria wengine, anaondoka akitukana. Ukitaja saa, taja na sehemu ya siku, na kama mambo yanagusa mpaka taja na nchi: "saa nne asubuhi, saa ya Uganda." Maneno manne tu yameongezeka. Madereva wa njia ya Oraba na ya Vurra waandike hivyo hivyo katika daftari la safari, kila safari, hata pasipokuwa na tatizo.

Turudi kwa dereva wetu. Alikuja tawini siku ya nne. Watu wengi hawajui kwamba sheria yenyewe imetambua jambo hili la lugha. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba mwajiri, kabla hajaamua kumfukuza mtu kwa kosa la nidhamu au kwa kazi mbaya, lazima amweleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi huyo anatazamiwa kuielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuja na mtu mwingine anayemchagua mwenyewe, na wapewe muda wa kutosha kujitayarisha. Mwajiri asiyefanya hivyo anaweza kutakiwa kulipa mshahara wa wiki nne, hata kama kufukuza kwenyewe kulikuwa na haki. Katika kitabu cha mwaka 2006 ni kifungu cha 66. Tangu hapo sheria za nchi zimepangwa upya na namba zimesogea, kwa hiyo ukizungumza na mkubwa wa kazi taja maneno ya sheria kuliko namba yake. Na ukiwa umekwisha fukuzwa, malalamiko yapelekwe kwa Afisa wa Kazi kabla ya miezi mitatu kupita.

Kwa hiyo ukiitwa katika kikao cha namna hiyo, sema kwanza kwa heshima: "Bwana Meneja, naomba nielezwe kwa Kiswahili," au kwa Kilugbara, au kwa Kikakwa, "na naomba kuja na mwenzangu." Kusema hivyo si kukiri kwamba wewe ni mjinga. Wabunge na mabalozi wana wakalimani wao na hakuna anayewacheka.

Kikao cha pili kilifanyika kwa Kiswahili. Mjumbe wetu alikaa kando ya dereva. Hakupiga meza, ingawa wengine katika tawi walitaka apige. Alimwomba karani asome yale aliyoandika mara ya kwanza, sentensi moja moja, na baada ya kila sentensi akamwuliza dereva, "Hivi ndivyo ulivyotaka kusema?" Halafu akaweka simu mbili mezani na kueleza habari ya saa ya Sudan Kusini. Meneja, kusema kweli, alisikiliza. Dereva alirudi kazini. Siku 24 alizokaa nyumbani hazijalipwa mpaka leo, na hilo bado twalidai.

Nimekaa sana katika shauri hilo kwa sababu ni kubwa. Sasa nataka niseme juu ya Kiswahili chetu chenyewe.

Kwa wenzetu wa Mombasa na Unguja, Kiswahili ni lugha ya mama. Kwetu West Nile kilikuja na bunduki. Vijana wa huku waliandikwa katika jeshi la Waingereza, King's African Rifles, na katika polisi, na walipostaafu walirudi nacho nyumbani. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Serikali hiyo ilipoanguka mwaka 1979, na vita vilipofika huku mwaka uliofuata, watu wetu wengi walikimbilia Zaire na Sudan, na waliporudi walirudi na Lingala na Kiarabu cha Juba juu ya Kiswahili kile cha zamani. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Watoto wetu watakijua kutoka kwa mwalimu. Wengi wetu tulikipata kutoka kwa sajini, au kutoka kwa mtu aliyefundishwa na sajini.

Na sajini haombi. Kwa hiyo Kiswahili chetu kimejaa amri. "Leta!" "Toka hapa!" "Wewe, kuja!" "Funga mdomo!" Nyapara anayesema hivyo kwa tanboi pengine hana hasira hata kidogo. Nyumbani kwake, kwa Kilugbara, ni mtu mpole anayesalimu kila mzee njiani. Ni kwamba Kiswahili alichonacho ni hicho tu, cha gwaride. Lakini tanboi hasikii moyo wake, anasikia maneno yake, na jioni anawaambia wenzake kwamba nyapara yule anawadharau. Ndugu zetu wanaotoka kusini mwa Uganda wana sababu zaidi. Wengi wao, au wazazi wao, waliisikia lugha hii kwanza katika vizuizi vya barabarani, ikisemwa na mtu mwenye silaha. Ukimfokea kwa Kiswahili mtu kama huyo, humkumbushi kazi, unamkumbusha mambo mengine.

Kubadilisha si kazi kubwa. Sema "naomba uniletee" mahali pa "leta." Sema "tafadhali mzee, tusogeze gari" kwa dereva aliyekuzidi umri, hata kama wewe ndiye nyapara wake. Ukiongea na wengi usisahau kuongeza "ni": njooni, ngojeni, kaeni. Na salamu itangulie. Nimewaona mameneja vijana wanaoingia stoo na kuanza na "lile gari limetoka?" bila hata habari ya asubuhi, halafu wanashangaa kwa nini hakuna anayewaambia ukweli. Mlugbara ukimwambia "mi ngoni" na kungoja jibu lake, umempa nusu dakika tu, na kazi yako itakwenda upesi zaidi. Ukitaka kujipima katika jambo hili, chukua siku moja ya kazi na umwombe rafiki mmoja akuhesabie ni mara ngapi umeamuru na mara ngapi umeomba. Mchague rafiki asiyekuogopa.

Kuhusu mikutano. Mkutano wa Koboko una watu wa Kikakwa, Kilugbara, Kiaringa, Kinubi na hao wenye Kiarabu cha Juba. Msemaji anasema Kiingereza, mtu wa pili anageuza kwa Kiswahili, wa tatu anageuza kwa Kikakwa. Msemaji akipanda juu ya sanduku na kusema dakika kumi bila kupumua, mkalimani atachukua anachokumbuka, nacho huwa ni mzaha wa mwisho. Sema sentensi mbili, nyamaza, ngoja. Mkalimani naye asiongeze chumvi yake. Tuna wakalimani wazuri sana katika tawi ambao tatizo lao ni kwamba wao nao wana hotuba.

Hesabu ndizo hupotea zaidi. Thelathini na themanini katika simu yenye upepo ni ndugu mapacha. Ukitaja fedha au idadi, itaje kwa neno, halafu itaje tarakimu moja moja: "themanini, nane sifuri." Katika mkutano andika ubaoni au juu ya kadibodi ya katoni, kwa herufi kubwa, ili na yule wa nyuma aone. Mambo yanayohitaji kuandikwa ni matatu tu kwa kawaida: kiasi gani, siku gani, nani atafanya.

Mkutano ukiisha usiwaulize wale waliokaa mbele kama ulikuwa mzuri. Hao ni rafiki zako. Nenda kwa watu watatu waliokaa nyuma kabisa, mmoja wao awe mwanamke, na umwulize kila mmoja peke yake: "Tumekubaliana nini?" Wakikupa majibu matatu tofauti, basi mkutano haukufanyika, hata kama makofi yalikuwa mengi. Nasema mwanamke kwa makusudi. Akina mama wa usafi na wa jikoni hukaa nyuma au husimama mlangoni kwa sababu wana kazi ya kurudia, na wanaume wanaposhindana kusema wao hawapati nafasi. Mara nyingi wao ndio waliokwisha kusikia mambo ya ofisini kabla yetu sote.

Katika kusikiliza tuko nyuma zaidi kuliko katika kusema. Iko njia moja ya kujipima ambayo nimeona ikiwasaidia wajumbe. Asubuhi tia njiti kumi za kiberiti katika mfuko wa kulia. Kila unapomkatiza mtu kabla hajamaliza, hamisha njiti moja kwenda mfuko wa kushoto. Wengine njiti huisha kabla ya chai ya saa nne. Mfanyakazi anayeleta malalamiko huanza na jambo dogo, na lile kubwa huliweka mwisho kwa sababu linamwumiza au linamtia aibu. Anakuja kulalamika juu ya buti, na kumbe msimamizi anamtaka binti yake. Mjumbe aliyemkatiza kwenye buti atampatia buti, na yule mtu atarudi nyumbani na mzigo wake. Kwa hiyo akinyamaza, nyamaza nawe kidogo. Halafu mwambie kwa maneno yako uliyoyasikia, na umwulize kama kuna lililobaki.

Simu imeleta upesi na imeleta hatari. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "kesho hakuna kazi" ni kweli kwa siku moja tu. Unatumwa Jumatatu usiku kwa watu ishirini, mmoja anaufungua Jumanne na kuwapelekea wengine, mwingine anaupeleka Jumatano, na "kesho" inatembea nao. Watu wamekosa kazi siku isiyo kwa neno hilo moja. Andika siku na tarehe, na jina la anayetoa habari. Ujumbe wa sauti nao, kabla ya kuutuma usikilize mwenyewe mpaka mwisho. Utashangaa. Mtu mwenye sauti kali hajijui mpaka aisikie ikitoka katika kisanduku. Na hasira ya saa nne usiku isitumwe kabla ya asubuhi, maana barua iliyo mfukoni waweza kuichana, lakini iliyo katika simu za watu themanini (nane sifuri) huwezi.

Wenye kutumwa nao wana wajibu wao. Ukipewa habari uipeleke kwa wenzako wa steji au wa stoo nyingine, irudie mbele ya aliyekupa kabla hujaondoka. Kama hukusikia neno, liulize hapo hapo. Usilijaze njiani kwa akili yako.

Wajumbe wote wa Arua na Koboko wanaombwa wafanye kile kipimo cha watu watatu wa nyuma katika mkutano wao wa kwanza baada ya kusoma gazeti hili. Majibu yaandikwe katika daftari kama yalivyosemwa, kwa lugha iliyosemwa, bila kusahihishwa, na yaletwe tawini pamoja na karatasi ya yale mliyokubaliana. Asiyeandika vizuri amwombe mtoto wake wa shule amwandikie. Majina ya watu hao watatu hayahitajiki.